Picha za PCX kutoka kwenye disketi: ulinganisho wa IrfanView, XnConvert, ImageMagick na GIMP

Mama mmoja aliingia katika duka letu la kuchapa na fotokopi, komine ya Kamalondo hapa Lubumbashi, akaweka mezani bati la biskuti lenye disketi kumi na nne. "Papa," akaniambia, "humu ndani kuna nembo ya kwaya yetu, na picha za marehemu mzee wangu. Vijana wa nyumbani wamezihamisha kwenye fleshi, lakini kila kompyuta inasema haizijui." Nilipofungua ile fleshi nilikuta majina ya herufi kubwa zisizozidi nane, KWAYA_02, MZEE_A, MUHURI1, na kila moja likiishia kwa PCX.

Kazi za namna hii hutufikia mara kwa mara, na wengi wanaotuletea huwa wameshapakua programu ya kwanza waliyoiona, wakaharibu kitu. Ndiyo maana nimeona niweke bega kwa bega programu nne za bure ambazo nimezitumia mwenyewe kwa kazi hii, na kueleza ipi inamfaa nani. Sitazipima kwa wingi wa maumbo ya faili ambayo kila moja inaweza kuyafungua, kwa maana zote nne zinafungua PCX. Ninachopima ni mambo matatu: kama picha inayotoka ni ileile iliyoingia, nukta kwa nukta; kama itachapika kwa ukubwa wake halisi; na kama anayeitumia programu hiyo ana haki ya kuitumia katika kazi anayoifanya.

Faili lenyewe lilivyo

PCX ni umbo la faili lililotungwa na kampuni ya ZSoft ya Marekani katika miaka ya 1980 kwa ajili ya PC Paintbrush, programu ya kuchorea iliyotumika kwenye kompyuta za DOS, mfumo uliotangulia Windows. Paintbrush iliyokuja ndani ya Windows 3 nayo ilitokana na kazi ya ZSoft, na kwa njia hiyo PCX ikawa umbo la kawaida la skana za mkono, faksi za kompyuta na programu za kutengenezea kadi na vijarida. Baadaye GIF, JPEG na PNG zilichukua nafasi yake, na Paint ya Windows ya leo haiifungui tena.

Muundo wake ni mwepesi, na inafaa kuufahamu kwa sababu makosa mengi ya kubadilisha picha hizi yanatokea humo. Faili huanza na kichwa cha baiti 128, na baiti ya kwanza ya kichwa hicho daima ni 10. Baada ya kichwa zinafuata nukta za picha zilizobanwa kwa njia ya kuhesabu: badala ya kuandika nyeupe, nyeupe, nyeupe hadi mwisho wa mstari, faili linaandika hesabu kisha rangi, na hesabu moja haizidi 63. Katika mbano huo hakuna nukta inayotupwa, kwa hiyo picha ya PCX iliyopona kwenye disketi ni kamili kama siku ilipohifadhiwa. Picha ya rangi 256 huweka orodha ya rangi zake mwishoni kabisa, katika baiti 769 za mwisho. Jambo hili linamgusa sana mwenye disketi iliyochakaa, kwa sababu baiti hizo za mwisho zikishindwa kusomeka, sura ya mtu huonekana lakini rangi zake huvurugika, uso ukawa wa kijani na shati likawa la zambarau, na hakuna programu itakayorudisha orodha ambayo haimo tena ndani ya faili. Dawa ni kurudi kwenye disketi yenyewe na kujaribu kuisoma kwa kiendeshi kingine, kabla ya kuilaumu programu.

Mtu akishangaa kwa nini picha nyingi za zamani ni nyeusi na nyeupe tupu bila kijivu chochote, jibu liko katika hesabu ya nafasi. Karatasi ya A4 iliyopigwa skana kwa nukta 300 kwa inchi ina nukta 2480 kwa 3508. Ikiwa kila nukta ni biti moja, nyeusi au nyeupe, karatasi hiyo huchukua baiti 1,087,480 hata kabla ya kubanwa, na disketi ya kawaida ilibeba baiti 1,474,560. Karatasi hiyohiyo kwa rangi kamili ingehitaji zaidi ya baiti milioni 26. Waliofanya kazi hii miaka ile walichagua kinachoingia kwenye disketi.

Hesabu hiyo ndiyo inayoamua pia umbo tunalohamia. PNG, iliyotoka mwaka 1996, inabana bila kutupa nukta, na inabeba picha ya biti moja, ya rangi 256 na ya rangi kamili, kwa hiyo inapokea kila aina ya PCX bila kuibadilisha. JPEG hutupa sehemu ya taarifa ili faili liwe dogo, na kwenye mihuri, nembo na herufi huacha vumbi la kijivu kandokando ya kila mstari. Mchapaji yeyote aliyewahi kukuza muhuri wa JPEG analijua vumbi hilo. Kwa hiyo katika yote yanayofuata, kubadilisha maana yake ni kutoka PCX kwenda PNG, na mwenye kutaka JPEG ya kutuma kwa simu aitengeneze baadaye kutoka kwenye PNG.

IrfanView

IrfanView iliandikwa na Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia aliyekuwa akisoma Vienna, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996. Inafanya kazi kwenye Windows tu. Sifa yake kubwa kwetu ni wepesi: kuipakua hakuli zaidi ya megabaiti chache, inafunguka papo hapo, na bado lipo toleo la biti 32 kwa ajili ya kompyuta za zamani ambazo zimejaa katika shule na ofisi nyingi za jiji letu. Mtu anayenunua intaneti kwa vocha ndogo ndogo anajua uzito wa neno "megabaiti chache".

Ukitaka kubadilisha picha nyingi kwa pamoja, unabonyeza herufi B, dirisha linafunguka, unachagua folda ya PCX upande mmoja, PNG kama umbo la kutoka, na folda mpya ya kupokea. Humo mna chaguo la kuhifadhi tarehe ya faili la asili, ambalo nashauri liwekwe alama kila mara kwa sababu nitakayoieleza, na mna chaguo la kufuta mafaili ya asili baada ya kubadilisha, ambalo nashauri lisiguswe kamwe. Kifaransa kinapatikana, lakini hupakuliwa kando na kuongezwa.

Udhaifu wake kwa kazi hii ni kwamba dirisha la kazi nyingi limesongamana, vitu vidogo vingi mahali pamoja, na mtu asiyelizoea anaweza kuweka alama mahali ambapo hakukusudia. Halioneshi picha kabla na baada ya kazi, kwa hiyo kosa linaonekana wakati faili mia mbili zimeshatoka.

XnConvert

XnConvert ni ya Pierre-Emmanuel Gougelet wa Ufaransa, aliyeanza na XnView mwishoni mwa miaka ya 1990. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na Kifaransa kimo ndani yake tangu mwanzo, jambo ambalo kwa wafanyakazi wa huku, waliojifunza kompyuta kwa Kifaransa shuleni, linapunguza makosa kuliko inavyodhaniwa.

Dirisha lake limepangwa kwa mfuatano ambao mtu anaufuata bila kufundishwa: kwanza mafaili yanayoingia, kisha kazi za kuyafanyia, kisha mahali yanapotoka na kwa umbo gani. Katika sehemu ya kazi unaona picha kabla na baada, bega kwa bega. Hapo ndipo nilipogundua, kwa bati lile la mama wa kwaya, kwamba nembo mbili kati ya tano zingetoka zimegeuzwa, nyeupe ikiwa nyeusi. Hutokea kwa PCX za biti moja, kwa sababu baadhi ya programu za zamani ziliacha orodha ya rangi tupu katika kichwa cha faili na kila programu ya leo ikakisia kwa namna yake. Niliongeza kazi ya kugeuza rangi kwa faili hizo mbili tu, nikaendelea. Kama ningebadilisha kwa upofu, kwaya ingepata kadi zenye nembo nyeusi tii.

Katika sehemu ya kutoka, XnConvert inakuuliza ifanye nini ikikuta faili lenye jina hilohilo: iulize, iandike juu yake, ibadilishe jina au iruke. Kwa mji ambao umeme unaweza kukatika wakati wowote, kuruka ni chaguo la maana, kwani kazi iliyokatika katikati inaendelea pale ilipoishia. Ila faili la mwisho lililokuwa likiandikwa wakati umeme unazimika lifutwe kwanza kwa mkono, maana litakuwa nusu na programu italiruka ikidhani limekamilika. Inahifadhi tarehe ya asili na mpangilio wa folda pia. Mpangilio wote wa kazi unaweza kuhifadhiwa, ukafunguliwa tena wiki ijayo mteja mwingine akija na bati lake.

ImageMagick

Hii ndiyo kongwe kati ya zote nne. John Cristy aliianza mwaka 1987 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont, na ikatolewa kwa watu wote tarehe 1 Agosti 1990, wakati PCX ilikuwa bado umbo hai. Labda ndiyo sababu inaisoma kwa utulivu. Ni programu huria, inafanya kazi kwenye mfumo wowote, na haina dirisha la kubonyeza: kila kitu ni amri inayoandikwa. Kwa toleo la 7, folda nzima hubadilishwa kwa mstari mmoja:

magick mogrify -path mpya -format png *.pcx

Folda inayoitwa mpya lazima iwepo tayari. Kwenye Linux, herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja, na mafaili ya DOS karibu yote huishia kwa PCX ya herufi kubwa, kwa hiyo ukiandika *.pcx utaambiwa hakuna faili wakati yako mbele ya macho yako, andika *.PCX. Baadhi ya mifumo ya Linux, kama Ubuntu 24.04, bado inaleta toleo la 6, ambako amri huanza na mogrify bila neno magick. Na kwenye Windows, anayefuata maelekezo ya zamani yanayosema aandike convert atapata shida nyingine, kwa sababu Windows ina amri yake yenye jina hilo, ya kubadilisha mfumo wa diski kutoka FAT kwenda NTFS, isiyohusiana na picha hata kidogo. Tumia magick.

Hatari yake kubwa niliijua kwa gharama. Amri ya mogrify, kama haikuambiwa -format wala -path, huandika juu ya faili la asili bila kuuliza. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na folda ya mteja, nikataka nakala ndogo za kuangalia kwenye simu, nikaandika mogrify na amri ya kupunguza ukubwa kwa nusu, nikabonyeza. Zote zilipungua papo hapo, za asili zenyewe. Nilirudi kwenye disketi, na moja kati yake haikusomeka tena mara ya pili. Picha kumi na moja za mteja yule zimebaki kwa nusu ya ukubwa wake hadi leo, na nilimweleza hivyo ana kwa ana. Tangu siku hiyo sifanyi kazi kwenye folda ya kwanza. Ninanakili, ninafunga ya asili isiandikike, ndipo ninaanza.

Kwa upande mwingine, kuna mambo mawili ambayo ImageMagick inayafanya na ambayo sijayapata kwa urahisi huo kwingine. La kwanza ni faksi za zamani zenye kurasa nyingi, zinazoishia kwa DCX, ambazo kwa kweli ni PCX kadhaa katika mfuko mmoja. Amri ya magick barua.dcx barua-%02d.png hutoa kila ukurasa kama faili lake lenye namba. La pili ni kupima.

Kupima kwa mashahidi wawili

Watu wengi hulinganisha picha ya zamani na mpya kwa macho, wakaridhika. Macho hayaoni nukta mia moja zilizobadilika kati ya milioni nane. ImageMagick ina amri ya kulinganisha:

magick compare -metric AE moja.png mbili.png null:

Inajibu kwa idadi ya nukta zisizofanana, na jibu linalotakiwa ni 0. Kosa ambalo wengi hufanya ni kulinganisha PCX ya asili na PNG iliyotengenezwa na ImageMagick hiyohiyo. Ikiwa ilisoma PCX vibaya mara ya kwanza, itaisoma vibaya vilevile mara ya pili, na zote mbili zitafanana katika kosa. Hivyo ni kumuuliza shahidi mmoja mara mbili. Mimi hubadilisha folda nzima mara mbili, mara moja kwa ImageMagick na mara moja kwa XnConvert, kisha nalinganisha PNG za huku na za kule. Zikitoa 0, programu mbili zilizoandikwa na watu tofauti zimesoma faili kwa namna moja, na hapo natulia. Zisipotoa 0, nafungua faili hilo moja na kulitazama.

Mbali na rangi zilizogeuzwa, tofauti niliyoiona mara nyingine ni mstari mwembamba wa nukta upande wa kulia. Katika PCX, baiti za kila mstari wa picha lazima ziwe idadi shufwa, kwa hiyo picha yenye upana usioangukia vizuri huongezewa baiti ya kujazia mwishoni mwa mstari, na programu isiyosoma kichwa kwa makini huonesha kijazio hicho kama sehemu ya picha. Ni mstari mdogo, lakini kwenye nembo iliyozungushwa fremu unaonekana hata na mtoto.

GIMP, na neno moja juu ya LibreOffice

GIMP, iliyoanzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, ni karakana ya kurekebishia picha, na kuitumia kubadilisha folda ya faili mia mbili ni kubeba maji kwa kijiko. Inafungua PCX moja, unaitazama kwa ukubwa, unafuta madoa ya skana, unanyoosha kilichopinda, unaitoa kama PNG. Kwa picha za marehemu, ambazo zilikuwa sita na kila moja ina mikwaruzo yake, ndiyo niliyotumia, baada ya programu nyingine kumaliza kazi ya kubadilisha. Kuipakua kunakula mamia ya megabaiti, kwa hiyo ni afadhali kuipata kwa rafiki mwenye fleshi, mradi awe aliitoa kwenye tovuti ya wenyewe, gimp.org. Na mwenye LibreOffice, mkusanyo wa bure wa programu za ofisi, tayari kwenye kompyuta yake, akiwa na PCX mbili au tatu tu, ajaribu kuzifungua kwa Draw, programu yake ya kuchorea, kabla ya kupakua chochote.

Leseni, kwa sababu tunaishi kwa kazi hii

Neno "bure" halina maana moja katika programu hizi, na wenye maduka kama yetu ndio tunaoteleza hapo. IrfanView ni bure kwa matumizi ya nyumbani yasiyo ya biashara, na pia kwa shule, vyuo, makumbusho, maktaba na mashirika ya misaada. Anayeitumia kibiashara anatakiwa kulipia leseni. XnConvert nayo ni bure kwa matumizi binafsi, ya elimu na ya mashirika yasiyo ya faida, na kampuni zinatakiwa kulipa. ImageMagick na GIMP ni programu huria, na mtu anaruhusiwa kuzitumia dukani, kumtoza mteja kwa kazi, na kuziweka kwenye kompyuta kumi bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa hiyo parokia inayookoa picha zake yenyewe, au mwalimu, au mwana wa familia aliye nyumbani na bati la biskuti, achukue XnConvert bila wasiwasi. Ni salama zaidi kwa mgeni, inaonesha kabla ya kutenda, na inazungumza Kifaransa. Akiwa na kompyuta ya zamani sana ya Windows, au akiba yake ya intaneti ikiwa ndogo, achukue IrfanView. Lakini mwenye duka anayepokea pesa kwa kazi hiyo, ama alipie leseni ya mojawapo, kama tulivyofanya sisi kwa XnConvert, ama ajifunze ile mistari michache ya ImageMagick na kuiandika kwenye karatasi ukutani. Mistari hiyo haizidi mitano. Kijana anayefanya kazi nami aliimudu kwa siku mbili, naye hakuwahi kuona dirisha la amri maishani mwake.

Kuna pia huduma za intaneti zinazobadilisha faili bila kupakua programu. Sizitumii kwa kazi za wateja. Katika bati moja la disketi huwa mna mihuri, sahihi, vyeti vya ndoa na picha za watu waliofariki, na sina haki ya kuzipakia kwenye mashine ya mtu nisiyemjua. Isitoshe, kupandisha na kushusha faili mia mbili kunamaliza vocha.

Ukubwa wa kuchapa, majina na tarehe

Kichwa cha PCX kina nafasi ya kuandika idadi ya nukta kwa inchi, lakini programu nyingi za zamani ziliandika hapo kitu kingine, kama vipimo vya skrini au vya picha, au hazikuandika chochote. Matokeo yake yanaonekana kwenye printa. MUHURI1 ya kwaya ilikuwa na upana wa nukta 472, ambazo kwa nukta 300 kwa inchi ni sentimita 4 kamili, ukubwa wa muhuri wa mpira. Ikichukuliwa kuwa ni nukta 72 kwa inchi, muhuri huohuo unatoka na upana wa zaidi ya sentimita 16, unafunika nusu ya barua. Nukta ni zilezile. Kilichokosewa ni namba moja. XnConvert ina kazi ya kuweka namba hiyo, IrfanView inayo katika chaguo za ndani za dirisha la kazi nyingi, na kwenye ImageMagick unaongeza -density 300 -units PixelsPerInch. Angalia tu kwamba unabadilisha namba hiyo peke yake, bila kuagiza picha yenyewe ipunguzwe au ikuzwe. Kama hujui skana ya zamani ilitumia namba gani, tafuta kitu chenye ukubwa unaojulikana ndani ya picha, kama ukingo wa karatasi ya A4 au duara la muhuri ambao bado upo, upime kwa rula na ufanye hesabu.

Jina la DOS halikuruhusiwa kuzidi herufi nane na tatu za mwisho, kwa hiyo MZEE_A haikuambii ni mzee yupi wala ni mwaka gani. Ndiyo sababu nasisitiza tarehe ya faili: mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa wakati ulioandikwa mahali popote. IrfanView na XnConvert zinaihifadhi ukiziambia. ImageMagick kwa kawaida haiihifadhi, PNG yake hubeba tarehe ya leo, na kwenye Linux unaweza kuirudisha kwa amri ya touch -r, faili kwa faili au kwa hati fupi ya amri. Kwa kazi ya picha za familia, tofauti hii peke yake inatosha kunifanya nichukue PNG za XnConvert kama nakala ya kumpa mteja na kuziacha za ImageMagick zifanye kazi ya shahidi wa pili. Kwa mihuri na nembo, ambako hakuna anayeuliza tarehe, nafanya kinyume chake.

Baada ya kukagua, nilikaa na mama yule mbele ya skrini na tukaandika majina mapya pamoja, yeye akitaja nani ni nani: kaka yake mkubwa, padri wa zamani, wanakwaya wa sauti ya pili. Tarehe ya faili moja ilimkumbusha safari ya kwaya kwenda Likasi ambayo alikuwa ameiweka mwaka mwingine. Mafaili ya PCX sikuyafuta, kwa kuwa yote kwa pamoja yanachukua nafasi ndogo kuliko video moja ya simu, na siku programu bora zaidi ya kuyasoma itakapopatikana, itayahitaji yenyewe na si nakala zake. Aliondoka na fleshi yenye folda mbili, ya PCX kama zilivyotoka kwenye disketi na ya PNG zenye majina kamili, pamoja na karatasi moja yenye muhuri wa kwaya uliochapwa, ambao aliupima mwenyewe kwa rula iliyokuwa mezani: sentimita 4.